Meza ya prufu: shajara ya mradi

Mwisho wa Februari

Mradi ni huu: kuipanga upya meza ninayosomea prufu, yaani nakala za kukagulia makosa kabla kitabu hakijachapwa, kifaa kimoja kimoja, huku kazi ikiendelea juu yake. Kazi iliyopo mezani ni mwongozo wa kilimo cha korosho ulioandikwa kwa ajili ya wakulima wa Mtwara na Lindi. Umeshahaririwa, umeshapangwa kurasa, na prufu ya kwanza imenifikia hapa Dar es Salaam kwa njia mbili, faili la PDF na rundo la karatasi za A4. Baada ya hii itakuja prufu ya pili, kisha ya mwisho. Nina nafasi nzuri ya kuona meza inakosa nini katika kila hatua, maana kila hatua ina makosa yake.

Nimejiwekea sharti: sinunui kitu kwa sababu kimependeza kwenye picha ya meza ya mtu. Nanunua kile ambacho makosa yenyewe yanakidai. Ndiyo maana sikuanzia dukani. Nimeanzia kabatini, kwenye nakala za prufu za zamani ninazozihifadhi, nikapitia yale yaliyokuwa magumu kukamatwa.

Tahajia mbovu si tatizo kubwa siku hizi, kompyuta inaipigia mstari. Kinachopita ni neno lililo sahihi kabisa ila si pake. "Wanachama walipiga kula." "Jaza fomu kwa karamu ya wino." "Tafuta mahari pakavu pa kuhifadhia magunia." Kikagua tahajia kinaona hicho chote ni Kiswahili safi, kwa sababu kula, karamu na mahari yote yamo kwenye kamusi. Hata thamini na dhamini ni hivyo hivyo, na kwenye mkataba wa mkopo wa wakulima, tofauti ya maneno hayo mawili ni fedha za watu.

Kundi la pili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi: upatanisho wa kisarufi unaovunjika wakati wa uhariri. Mwandishi aliandika "mti wa mkorosho ulioshambuliwa na ugonjwa". Mhariri akaona habari inahusu shamba zima, akabadilisha mti ukawa miti, simu ikaita, akaendelea na sentensi nyingine. Sasa tuna "miti wa mkorosho ulioshambuliwa". Hakuna neno hata moja lililokosewa hapo. Kosa lote limo ndani ya silabi.

Halafu kuna maneno yanayokatwa vibaya mwisho wa mstari. Programu ya kupangia kurasa ikiachwa kwenye lugha ya Kiingereza inakata maneno yetu kwa kanuni za huko, unakuta "mkor-" juu na "osho" chini. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwenye irabu, kwa hiyo ni mko-rosho au mkoro-sho, na herufi za sh hazitenganishwi. Na zipo namba. Namba ikikosewa bado ni namba, haimshtui mtu.

Utafiti wa usomaji, ambao sehemu kubwa umefanywa kwa wasomaji wa Kiingereza, unaeleza vizuri kwa nini haya yanapita. Jicho halitambai juu ya mstari, linaruka. Linatua kwa muda wa karibu robo sekunde, linaruka herufi saba hadi tisa hivi, linatua tena. Maneno mafupi mara nyingi linayapita bila kutua, na ubongo unajijazia wenyewe. Sasa tazama maneno mafupi ya Kiswahili ni yapi: ya, wa, za, la, cha, vya. Pale pale jicho linaporuka ndipo upatanisho wetu ulipo.

Kwa hiyo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi nimeandika swali ambalo kila kifaa lazima kilijibu kabla hakijapata nafasi mezani: kinalifanya jicho litue?


Mwanzo wa Machi: kadi

Kifaa cha kwanza kimetoka kwenye karatasi ya manila nyeusi, ile wanayouza stesheneri yoyote kwa ajili ya kazi za wanafunzi. Nimekata kadi mbili. Moja ni nzima, ina upana wa kupita safu ya maandishi kila upande. Ya pili ina dirisha jembamba linaloonyesha mstari mmoja tu.

Vipimo havikuwa vya kukisia. Kitabu kimepangwa kwa herufi za pointi 12, na kutoka mstari hadi mstari ni pointi 16. Pointi moja ya uchapaji ni takriban milimita 0.35, kwa hiyo mstari mmoja na nafasi yake unachukua kama milimita 5.6. Dirisha nimelikata kwa milimita 7, ili mikia ya herufi kama g, j na y isifichwe.

Nilidhamiria kuzilinganisha kadi hizi mbili kwa haki, nikasoma sura nzima kwa kila moja. Kadi yenye dirisha inatuliza jicho ajabu, hasa kwenye majedwali, kwa sababu huwezi kuteleza ukasoma safu ya jirani. Lakini kwenye maandishi ya kawaida ina kasoro ambayo mtu haioni mpaka aitumie: inaficha mstari wa juu. Neno lililorudiwa, "katika" mwisho wa mstari na "katika" tena mwanzo wa mstari unaofuata, halionekani kupitia dirisha. Kadi nzima inaziba yale ya chini tu. Naishusha mstari kwa mstari, yaliyosomwa yanabaki wazi juu yake, na neno lililorudiwa linajitokeza lenyewe.

Hivyo kadi nzima ni ya maandishi, ya dirisha ni ya majedwali. Rula ya plastiki inayopitisha mwanga nimeiondoa kabisa kwenye kazi hii. Inaonyesha mstari wa chini, na jicho likiona kitu litakwenda.

Rangi nyeusi nayo ina sababu. Manila nyeupe inafanana na karatasi yenyewe na inarudisha mwanga wa taa machoni. Nyeusi inakata, unaona wazi ukomo uko wapi.

Pamoja na kadi kuna penseli. Ncha yake inagusa kila neno, hata ya na wa. Inachosha mwanzoni, mkono unataka kukimbia, lakini baada ya kurasa chache unapata mwendo wake. Kwa njia hii "miti wa" haina pa kujificha.


Machi, masika yameanza

Mawingu yamefunika na dirisha la chumba halitoi tena mwanga wa kutosha hata saa nne asubuhi. Nimesukumwa kulifikia suala la taa mapema kuliko nilivyopanga.

Chumba kina balbu moja ya LED katikati ya dari, na meza iko ukutani, maana yake kichwa changu ndicho kinachotia kivuli kwenye karatasi. Nimeweka kwenye simu programu ya kupima mwanga na kuilaza simu pale karatasi inapokaa. Kihisi cha simu si kipimo cha maabara, lakini kwa kulinganisha mahali na mahali kinatosha. Kiwango cha Ulaya cha mwanga wa sehemu za kazi, EN 12464-1, kinataka lux 500 kwa kusoma na kuandika. Karatasi yangu usiku ilikuwa haipati hata theluthi ya hapo.

Nimekwenda Kariakoo kutafuta taa ya mezani, na nilijua ninachotaka: mkono unaokunjika sehemu mbili, kichwa kinachozunguka, na tundu la balbu ya kawaida, siyo zile ambazo taa yake ikifa unatupa kifaa kizima. Taa zenyewe zipo nyingi. Kilichosumbua ni balbu. Karibu kila duka lina za Kelvini 6500, ule mweupe unaoelekea bluu, ambao kwenye karatasi nyeupe kwa saa nyingi unachoma macho. Za Kelvini 2700 ni za njano, na chini yake wino wa bluu uliokolea unafanana na mweusi, jambo baya kwa mtu anayefanya kazi kwa rangi. Nilitaka 4000. Muuzaji mmoja alipanda ngazi hadi rafu ya juu kabisa, akapangusa vumbi, akaniambia, "Hizi dada hakuna anayeziulizia, chukua mbili." Nimechukua.

Naandika kwa mkono wa kulia, kwa hiyo taa imekaa kushoto, kivuli cha mkono kisiangukie mstari ninaousoma. Imeinamishwa kutoka ubavuni na si kutoka mbele, kwa kuwa kurasa za picha za prufu hii zimechapwa kwenye karatasi inayong'aa, na taa ikiwa mbele inakuwa doa jeupe katikati ya maelezo ya picha. Simu sasa inasoma zaidi ya 500.

Nikitakiwa kumshauri msomaji prufu anayeanza, mwenye fedha ya kifaa kimoja tu, nitamwambia anunue taa. Kadi anaweza kuikata kwenye boksi.


Katikati ya Machi: ubao wa Keko

Shingo. Karatasi ikilala bapa juu ya meza, kichwa kinainama kutwa nzima, na jioni maumivu yanashuka mabegani. Kuna stendi za vitabu za waya na za plastiki madukani, lakini zimetengenezwa kwa kusoma, hazivumilii mkono unaoandika. Ukibonyeza kalamu zinarudi nyuma. Nilihitaji ubao ulioinama, wa mti, mzito.

Keko ndiko kwenye mafundi wa samani. Nilimkuta fundi mmoja anapiga randa kitanda cha mninga, nikamwonyesha mchoro.

"Hii ya kuchorea ramani, dada?"

"Ya kusomea, fundi. Karatasi zisimame kidogo, shingo isiiname. Na ninaandika hapo hapo juu yake."

Akaugeuza mchoro, akaushika mbali kidogo. "Basi tusiikaze pembe moja. Nikuwekee bawaba huku chini, na nyuma ubao wenye meno. Ukitaka kuinua unainua, ukitaka kulaza unalaza."

Wazo la meno ni lake, na ndilo jambo bora kwenye ubao wote. Prufu ya karatasi naisomea kwenye jino la kati, majedwali ambayo naandika sana kwenye jino la chini, na nikiwa nalinganisha tu bila kuandika naupandisha hadi juu.

Vipimo: upana sentimita 50, kimo 35. A4 mbili zikikaa ubavu kwa ubavu zinachukua 42, kwa hiyo prufu ya zamani yenye alama inakaa kushoto, mpya kulia, na pembeni inabaki nafasi ya kadi. Ukingo wa chini unaozuia karatasi zisiteleze una urefu wa sentimita moja tu. Fundi alitaka kuuweka mrefu zaidi, nikamwomba asifanye hivyo, kwa sababu ukingo mrefu unameza namba za kurasa, na namba za kurasa nazo ni sehemu ya kusahihishwa. Ametumia vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kitanda. Nimemsihi apake vanishi isiyong'aa. Alishangaa kidogo, maana wateja wake wote wanataka king'ae, lakini nilipomweleza habari ya taa alielewa mara moja.

Ubao huu ni mzito kiasi kwamba hausogei ukiandika. Nimeridhika nao kuliko kitu kingine chochote katika mradi.


Machi, siku ya ugeni

Amepita mzee aliyenifundisha kazi hii, mstaafu wa uchapaji tangu enzi za herufi za risasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unajenga ofisi. Kalamu ziko wapi?"

Hakutazama taa wala ubao. Kwake meza ya prufu inaanza na kalamu mbili, nyekundu na bluu. Nyekundu ni ya makosa ya mpangaji kurasa, yaani pale alipoacha kufuata mswada. Bluu ni ya mabadiliko ya mwandishi au mhariri, yaani mswada ulikuwa hivyo hivyo ila sasa mtu amebadili mawazo. Utaratibu huu tumeurithi kutoka kwa wachapaji wa Uingereza na msingi wake ni gharama: ijulikane nani alipie marekebisho. Mchapishaji wa kitabu hiki hakunidai rangi mbili, lakini nimeamua kuzitumia, kwa sababu bluu zikizidi kwenye sura moja najua kwamba sura hiyo ilipita kwenye uhariri haraka na inahitaji kusomwa upya na mhariri mwenyewe.

Nimeongeza penseli kuwa ya tatu, kwa maswali. Swali kwa mhariri si sahihisho. Likijibiwa linafutwa, na wino haufutiki.

Kuhusu kalamu zenyewe: ncha nyembamba, nusu milimita au chini ya hapo, na wino usiopenya upande wa pili wa karatasi ya gramu 80. Kalamu za kukolezea rangi nimezirudisha kwenye droo. Zinaonyesha kwamba kuna jambo lakini hazisemi jambo gani, na mpangaji kurasa anahitaji kuambiwa. Ukitaka kufuta herufi kuna alama yake, ukitaka kuingiza kuna alama yake, na ukighairi unaweka vitone chini ya neno na kuandika pembeni liachwe lilivyo. Alama hizi zimewekwa katika viwango, BS 5261 cha Uingereza na ISO 5776 cha kimataifa. Nimechapa jedwali lake ukurasa mmoja, nikalipeleka kulaminishwa, na nakala ya pili nimempelekea mpangaji kurasa ili tuongee lugha moja.


Mwisho wa Machi: kikokotoo

Hiki kidogo, cha vitufe vikubwa kama cha muuza duka, kimejilipia leo.

Sura ya upandaji ina jedwali la nafasi kati ya mikorosho na idadi ya miti kwa hekta. Mstari wa kwanza: mita 12 kwa 12, miti 96. Kwa kuutazama hauna kasoro. Upatanisho upo, herufi zipo, safu zimenyooka. Lakini hekta ni mita za mraba 10,000, na mti mmoja kwa nafasi hiyo unachukua mita za mraba 144. Kumi elfu gawanya kwa 144 ni 69 na kidogo. Nikafungua mswada: 69. Mtu alipokuwa anachapa jedwali upya tarakimu zilibadilishana nafasi. Mkulima wa Masasi au Newala angefuata jedwali lile angenunua miche 27 zaidi kwa kila hekta, kisha angejikuta hana pa kuipanda kwa kipimo kile kile alichopewa na kitabu. Na mkorosho ukibanwa, matawi yakikutana, hewa na jua havipiti vizuri.

Baada ya hapo nimekokotoa kila mstari. Mita 15 kwa 15 ni miti 44, sawa. Safu ya ekari nayo nimeipitia: ekari ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo 12 kwa 12 inatoa miti 28, sawa. Nimeweka nukta ya penseli pembeni ya kila namba iliyokokotolewa, kumaanisha imepimwa na haikupitiwa kwa macho tu.

Kwa nini si kikokotoo cha simu? Kwa sababu ukiigusa simu inakupa na ujumbe wa kikundi cha familia. Kikokotoo kinatoa jibu kinanyamaza. Kwa sababu hiyo hiyo nimenunua kipima muda cha jikoni, cha kuzungusha. Kikilia nasimama na kutazama nje, kwenye mwembe wa jirani. Wataalamu wa macho hushauri kila dakika 20 uangalie kitu kilicho umbali wa kama mita sita kwa sekunde 20. Mimi kwenye karatasi naenda muda mrefu kidogo kuliko huo, kwenye skrini naufuata.


Mwanzo wa Aprili

Pangaboi. Bila hilo chumba hakikaliki, likiwashwa karatasi zinapaa. Nimeomba mabaki ya marumaru kwa mafundi wanaotandaza sakafu nyumba ya pili, vipande vya kiganja kimoja, nikavigundisha kitambaa chini. Kimoja kinakaa juu ya rundo la kurasa zilizokwisha, kingine juu ya zisizosomwa. Klipu kubwa nyeusi zinafunga kila sura peke yake. Vikaratasi vya kunata havikufaa hapa. Unyevu wa masika ukichanganyika na upepo vinadondoka, na kikaratasi kilichodondoka ni swali lililopotea. Maswali yote sasa yanaandikwa kwenye karatasi moja, ukurasa na mstari, kwa mpangilio.


Aprili, prufu ya pili

Imefika. Ubao wa Keko unafanya kazi yake halisi sasa: kushoto prufu ya kwanza yenye alama zangu, kulia mpya. Kila alama iliyotekelezwa naitia tiki ya penseli. Kisha naangalia mistari iliyo jirani na sahihisho, juu na chini, kwa sababu ukiongeza neno mstari unasukumwa, na mstari ukisukumwa maneno yanakatwa upya. Nimekuta "wakul-ima" ambayo kwenye prufu ya kwanza haikuwepo. Nimemwandikia mpangaji kurasa, kwa heshima, kwamba tuzime ukataji wa maneno wa moja kwa moja kwa kitabu chote, na amekubali.

Kioo cha kukuzia kimeingia mezani katika hatua hii. Kinakuza mara tatu tu, na kina taa ndogo. Kazi yake kubwa ni kukagua alama ya juu kwenye ng'. Kwenye kitabu hiki kuna ng'ombe wa kukokota plau, kung'oa visiki, kung'arisha ghala, na kila mwandishi wa sura alichapa kwa njia yake. Wapo waliotumia alama iliyonyooka, wapo waliotumia iliyopinda, na sura moja ina ile inayoegemea kushoto, iliyochapwa kwenye simu. Kwa jicho tupu kwenye herufi za pointi 8 za maelezo ya picha huwezi kuzitofautisha. Kwenye PDF nako, programu nyingine ukitafuta ng' yenye alama moja haikuletei zile zenye alama nyingine, kwa hiyo utafutaji nimeufanya kwa alama zote tatu, kisha karatasi nikaithibitisha kwa kioo.

Kamusi zimepata stendi yake upande wa kulia, ya waya, hii haihitaji kubeba mkono. Kamusi ya Kiswahili Sanifu toleo la 2013 na Kamusi Kuu ya BAKITA ya 2015 ni nene, na zikiwa kabatini mtu anajishawishi kwamba anakumbuka. Zikiwa wazi mkononi unafungua. Chini ya stendi nimebandika karatasi ya maamuzi ya kitabu hiki: ekari na si eka, asilimia 10 kwenye maandishi lakini 10% kwenye majedwali, mkorosho ni mti na korosho ni zao, ubwiriunga, ule ugonjwa wa mkorosho, neno moja. Maamuzi hayo si yangu peke yangu, nimekubaliana na mhariri. Faida yake ni kwamba siku tatu baadaye sijadili tena jambo lile lile na nafsi yangu.


Aprili, jioni

Hedifoni. Nilizitilia shaka kuliko kifaa chochote, na sasa nazitetea.

Kivinjari cha Edge kinasoma maandishi kwa sauti, na kina sauti za Kiswahili cha Tanzania, Rehema na Daudi, na za Kenya, Zuri na Rafiki. Nimemchagua Rehema, nikapunguza mwendo, nikashika penseli na kufuata kwenye karatasi. Sauti ya mashine haina huruma na mwandishi. Haisomi alichokusudia, inasoma kilichoandikwa. "Miti wa mkorosho" inatamkwa hivyo hivyo, na sikio la mtu aliyekulia ndani ya Kiswahili linashtuka hapo hapo, hata kama jicho lilikuwa limesamehe. Sura ya hifadhi ya korosho ghalani ilikuwa imesomwa kwa kadi na kwa penseli, na bado sikio limekamata "magunia ambayo yamejaa yapangwe juu ya mbao, kisha yafunikwa". Inatakiwa yafunikwe. Irabu moja ya mwisho.

Yapo ambayo haisaidii. Herufi kubwa na ndogo, nafasi mbili kati ya maneno, alama za kunukuu, mpangilio wa ukurasa, hayo yote ni ya macho. Tena sauti hizi nzuri zinatengenezwa mtandaoni, maana yake maandishi yanatoka kwenye kompyuta yako. Kitabu ambacho hakijatoka si mali yako, ni mali ya mwandishi na mchapishaji. Niliomba ruhusa kwa maandishi kabla sijaweka hata ukurasa mmoja, na mswada wenye majina au taarifa za watu sitaupitisha huko.

Nimechukua hedifoni za waya zinazofunika sikio lote. Mtaa wetu una bodaboda na redio ya saluni, na za kufunika zinapunguza vyote viwili bila kuhitaji chaji.


Mwisho wa Aprili: hali ilivyo

Meza ina taa, ubao, kadi mbili, kalamu mbili na penseli, kikokotoo, kipima muda, marumaru, kioo, stendi ya kamusi na hedifoni. Skrini ya pili niliyoazimwa na rafiki nimeirudisha. Inafaa kwa uhariri, ila kwa prufu ya karatasi ilikuwa inakula nafasi ya ubao na kunivuta macho.

UPS, kifaa cha kuendeleza umeme ukikatika, bado. Umeme ulikatika jioni moja katikati ya sura ya masoko. Kompyuta mpakato ina betri yake, lakini taa ilizimika na kazi ya karatasi ikasimama. Fundi umeme amenishauri nisinunue UPS kubwa kwa ajili ya taa ya wati chache. Ananitafutia balbu ya tundu lile lile yenye betri ndani, ila ya Kelvini 4000 hajaipata.

Kiti nacho bado. Kiko chini kidogo kwa ubao huu. Nimempigia fundi wa Keko, amesema nimpelekee vipimo kutoka sakafuni hadi kwenye goti, na kutoka kwenye kalio hadi kwenye kiwiko, ataongeza miguu.

Prufu ya mwisho inatarajiwa wiki ijayo. Hiyo haisomwi neno kwa neno, inakaguliwa: yaliyomo dhidi ya namba za kurasa, vichwa vya juu ya kurasa, maelezo ya picha na picha zake, na jedwali la nafasi za kupandia, ambalo nitalikokotoa tena tangu mwanzo. Kadi yenye dirisha nitaikata upya kabla haijafika, kwa sababu mpangaji kurasa amepanua majedwali na dirisha la sasa halifiki safu ya mwisho.